Tairi za Kusereresha Gari: Mchezoni na Barabarani

Katika mchezo wa kompyuta wa Gran Turismo, mpenda kuserereka huchagua tairi zenye mshiko hafifu kuliko zile za mashindano, na gari likipinduka hakuna anayeumia. Kiwanjani mambo ni mengine. Tairi za mbele hazina budi kushika, kwa kuwa ndizo zinazoongoza; za nyuma ndizo huungua, hivyo wengi hununua zilizotumika. Tunawashauri wasome ubavuni tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Raba iliyozeeka huweza kupasuka ingawa kashata zingali nene. Tairi zilizosereresha gari zisilirudishe nyumbani. Bebeni jozi nyingine, hata kama buti itajaa.