Utandawazi na Habari Isiyo na Isnadi

Likitajwa neno utandawazi, wengi wetu hufikiri mavazi, muziki na filamu. Hayo yapo, wala hatuyadharau. Lakini Waislamu si wageni wa kuchanganyika na walimwengu. Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akawakuta watu wa dini yake. Jipya la zama hizi ni kwamba habari husafiri peke yake, bila kujulikana aliyeibeba. Tuangalie yaliyotokea Myanmar.

Nchi hiyo, ambayo wengi wa wakazi wake ni Mabudha, ilikaa miaka mingi chini ya utawala wa kijeshi, imejifungia. Laini ya simu iliwahi kuuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka 2014 kampuni za kigeni zilipoanza kazi, bei ikashuka hadi kiasi cha dola moja na nusu. Mamilioni wakashika simu kwa mara ya kwanza, na kwa wengi wao Facebook ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe.

Julai ya mwaka huohuo, mjini Mandalay, ikaenea humo habari kwamba Waislamu wenye mkahawa wa chai wamembaka mfanyakazi wao wa Kibudha. Ghasia zikazuka, watu wawili wakauawa, mmoja Mwislamu na mmoja Mbudha. Baadaye ikabainika kuwa tuhuma ile ilitungwa. Waliouawa walikwisha kuzikwa.

Ndugu msomaji, Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuichunguze habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kwa ajili hiyo maulamaa wa hadithi walimwuliza kila mpokezi: umesikia kwa nani? Wakatunga elimu nzima ya kuwapima wapokezi. (Sisi tuliohifadhishwa majina yale utotoni tulinung'unika sana, leo tunaelewa.) Facebook ilikuwa na nani wa kuuliza? Shirika la Reuters liliripoti mwaka 2018 kwamba mwanzoni mwa 2015 waliokagua maandishi mabaya huko na kujua Kiburma walikuwa watu wawili tu.

Tusidhulumu, lakini. Chuki dhidi ya Warohingya haikuletwa na simu. Sheria ya uraia ya 1982 ilikwisha kuwaacha wengi wao bila nchi. Kuanzia tarehe 25 Agosti 2017, jeshi lilipowashambulia, zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Waliochoma vijiji ni wanajeshi na waliowaunga mkono. Hata hivyo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2018 kuwa Facebook ilichangia kueneza chuki, na Novemba mwaka huo kampuni yenyewe ikakiri kwamba haikufanya ya kutosha.

Hapa linakuja suala la kifikihi. Kanuni mashuhuri ni kwamba wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu humwendea mtendaji. Lakini kanuni hii ina vighairi. Mashahidi wa uongo wakimshuhudilia mtu kwa kosa la kuuawa, naye akauawa, kisha wakakiri kuwa walikusudia, basi katika madhehebu ya Shafii kisasi ni juu yao, si juu ya kadhi aliyehukumu bila kujua. Ni wazi kwamba mwenye kutunga uongo ule wa Mandalay amekaribia mlango huu. Mwenye mtambo je? Angekuwa kama ukuta uliobandikwa karatasi, tungesema hana lawama. Lakini mtambo huu huchagua nini kisogezwe mbele ya macho ya watu, na faida yake hutokana na watu kuendelea kutazama.

Suala hili limekwisha kufika kwetu Afrika Mashariki. Desemba 2022, Waethiopia walifungua kesi Nairobi dhidi ya kampuni mama ya Facebook, wakidai kuwa mtambo wake ulisukuma mbele maandishi ya chuki wakati wa vita vya kwao. Mmoja wao baba yake aliuawa baada ya kuandikwa humo. Kampuni ilipinga kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa inayo.