Je, Tetemeko la Ardhi Hutanguliwa na Ishara?

Usiku wa Agosti 12, 2020, baada ya saa 2, ardhi ilitikisika Dar es Salaam. Kitovu kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya mji, na ukubwa ulikaribia 6. Imamu wa Mnazi Mmoja au Kariakoo, ambaye waumini wake wanaishi maghorofani, hana budi kuwa na jibu kwa wanaouliza juu ya ishara.

Kila baada ya tukio kama hilo husemwa: mbwa walibweka mno, kunguru hawakutulia. Lakini mbwa hubweka kila usiku, na kunguru wa mji huu hawatulii hata siku moja! Usiku usiofuatwa na tetemeko hakuna anayeuhesabu.

Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume (S.A.W.) aliikataa kauli hiyo, ijapokuwa ilimtukuza mwanawe. Mambo mawili kukutana si hoja.

Februari 1975 watu wa Haicheng, China, walihamishwa kabla ya tetemeko. Wanyama walitajwa sana, lakini kilichosaidia zaidi ni mitetemeko midogo iliyotangulia. Julai 1976 Tangshan ilipigwa bila onyo. Wakafa zaidi ya watu 240,000.

Je, mwenye kutabiri ni kahini? Tutenganishe. Kupatwa kwa jua hujulikana mapema kwa hesabu, na hiyo si ghaibu, bali ni ada aliyoiweka Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ikajaribiwa. Tetemeko halina hesabu hiyo mpaka leo. Anayetaja siku na saa yake amedai asilolijua, na anayeeneza kwa simu ameiacha amri ya kuhakikisha habari, Suratul Hujurat aya ya 6.

Bahari kukauka ghafla ni jambo jingine. Tsunami ya Desemba 26, 2004 iliua waogeleaji hapa Dar es Salaam. Kisiwani Simeulue, Indonesia, watu walikimbilia vilimani kwa sababu wazee waliwasimulia maafa ya 1907, na waliokufa walikuwa wachache mno. Huko si kubashiri: tetemeko limekwisha tokea, maji yako njiani. Aliye ufukweni akiwa ndani ya swala, aikate akimbie.

Ama swala ya tetemeko, Imamu Shafii hakuona iswaliwe jamaa. Kila mtu huswali peke yake. Wahanbali wameiruhusu jamaa, kwa yaliyopokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.) aliswalisha Basra.