Mji uliohesabu miti yake mmoja mmoja

Ndugu wanamemba, mtashangaa kuona gazeti letu linaongea juu ya miti ya mji, tena mji wa mbali, Melbourne, kule Australia. Mvumilie kidogo, maana habari hii inagusa kahawa na migomba yetu.

Melbourne iko na miti karibu 70,000 kwenye barabara na bustani za watu wote. Barabara nyingi kubwa zilipandwa elm, mti mkubwa wa kivuli, katika karne ya 19. Iliyopandwa pamoja inazeeka pamoja. Kisha toka 1997 mpaka 2009 mvua ikakosa sana, maji ya kumwagilia yakapunguzwa, na tarehe 7 Februari 2009 joto likafika digri 46.4. Miti ikaanza kufa.

Wakuu wa mji walihesabu kwanza. Kila mti ulipewa nimero yake, wakaandika ni wa aina gani na umebaki na miaka mingapi. Jibu liliwauma: kwa kila miti 100, 27 ingekwisha katika miaka 10, na 44 katika miaka 20.

Wakaweka ramani ya miti ile kwenye intaneti, kila mti na anwani yake, ili mtu akiona tawi limevunjika aandike. Watu wakaanza kuiandikia miti barua za salamu na shukrani! Mimi nilicheka. Lakini mti wenye marafiki namna hiyo, nani atathubutu kuukata? Na kule, anayejenga nyumba akihitaji mti wa mji utolewe, analipa bei yake. Kwetu mti wa barabara unaweza kuanguka usiku, na asubuhi ni makala.

Mpango wao wa 2012 ni kupanda miti 3,000 kila mwaka, ili kivuli kitoke 22 kwa mia na kufika 40 kwa mia mwaka 2040. Chini ya bustani moja, Fitzroy Gardens, walijenga tanki la kukusanya maji ya mvua.

Ila sharti lililonishika mimi ni hili: aina moja ya mti isipite 5 kwa mia ya miti yote. Sababu ni ugonjwa wa elm, kuvu inayobebwa na wadudu wadogo wa magamba. Uliua elm kwa mamilioni huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Australia haujafika, lakini Melbourne haingojei ufike.

Sisi tunaijua hadithi hii. Kirabiranya ilipoingia Masisi, aliyekuwa na migomba tu alibaki mikono mitupu. Wazee wa upande wa Isiro wanakumbuka robusta ilivyonyauka shamba kwa shamba.

Na kahawa ya wazee wetu, ni nani ameihesabu? Intaneti haihitajiki. Kaye moja ya koperative inatosha: shamba la nani, aina gani, ilipandwa mwaka gani, miti mingapi imechoka. Mche wa kahawa unakaa kitalu karibu mwaka mzima, halafu miaka kama mitatu shambani kabla ya mavuno ya kwanza. Mti uliobaki na miaka mitano, mbegu ya kuurithi inatafutwa msimu huu.