Tuta linalojinywesha: tununue au tutengeneze?

Didia, mkoani Shinyanga, ina msimu mmoja wa mvua. Ukianza Novemba na kukatika Aprili au Mei, inafuata miezi ya jua kali na upepo mkavu, na mboga mbichi zinakuwa adimu. Wasukuma walijipanga tangu zamani: majani ya kunde hukaushwa yakawa nsansa, viazi vikawa michembe. Hata hivyo watoto wanahitaji mchicha mbichi mwezi wa Septemba pia, ndiyo maana matuta yanayojinywesha yanastahili kuzungumzwa hapa.

Tuta la aina hii ni sanduku lenye nafasi ya maji chini na udongo juu. Maji humiminwa kwa bomba lililosimamishwa pembeni, kisha hupanda taratibu kwenye udongo kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Tundu la ubavuni hutoa yanayozidi ili mizizi isioze. Hakuna injini wala umeme, na hakuna sehemu inayomshinda fundi wa kijijini. Kwa hiyo kwa mkazi wa Didia sioni sababu ya kulinunua likiwa tayari.

Faida yake ni ya kweli. Juani, mita moja ya mraba ya mboga inaweza kupoteza lita 5 au 6 kwa siku. Kiu ya mmea haipunguzwi na sanduku lolote, ila maji yakitokea chini, hayakaushwi bure na jua wala hayazami mbali na mizizi. Anayenunua maji kwa dumu anajua uzito wa jambo hilo.

Pipa la lita 200 likipasuliwa kwa urefu linatoa matuta mawili, kila moja karibu nusu mita ya mraba. Simamisha bomba pembeni, jaza kokoto sentimita 10, toboa tundu la ubavuni pale zinapoishia. Sokota vipande vya kanga kuukuu ya pamba, ncha zizame hadi chini ya kokoto, halafu weka udongo na samadi iliyooza. Kokoto hizo zitabeba lita 10 hivi, za siku 3 au 4. Udongo hautakuwa wa kina, kwa hiyo panda mchicha, si nyanya. Mbegu zinyweshwe kwa juu hadi zishike, na mara mojamoja mimina maji mengi juu kuosha chumvi inayobaki.

Mwenye uwanja wake ana njia rahisi zaidi, nami ndiyo ningeanza nayo: tuta lililochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, na mtungi wa udongo usiopakwa rangi ukifukiwa katikati hadi shingoni. Ujaze, ufunike, maji yatavuja polepole. Fan Shengzhi, mwandishi wa kilimo wa China, aliieleza mbinu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaotuamisha maji masika, tuta la kuinua ndilo bora. Sanduku la dukani ningemwachia mpangaji wa Kahama au Geita ambaye uwani kwake kuna saruji tupu.

Jambo moja lisichukuliwe kirahisi katika ukanda huu wa dhahabu. Mapipa mengine yamebeba sianidi ya kuchenjulia dhahabu, na mchanga wa marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, unaweza kuwa na zebaki. Mchanga huo usiingie bustanini kabisa. Pipa nalo, muuzaji asipoweza kueleza lilibeba nini, liachwe hukohuko sokoni, hata likiwa la bei ya kutupa.