Kamera nzima, filamu hakuna: kisa cha Instamatic

Kamera nyingi za Instamatic zingali nzima hadi leo. Kitufe kinabonyezeka na lenzi ni safi, lakini zimelala kabatini, kwa sababu filamu yake haitengenezwi tena.

Kampuni ya Kodak, yenye makao yake katika mji wa Rochester nchini Marekani, iliitoa kamera hiyo mwaka wa 1963. Kabla ya hapo, kuweka filamu kuliwaogopesha wengi: ncha yake ilipaswa kupachikwa vizuri ndani ya kamera, na mwanga ukipenya, picha zinaharibika. Kodak iliifunga filamu ndani ya kasha la plastiki lililoitwa 126. Mtu alifungua mgongo wa kamera, akatumbukiza kasha, akafunga. Kasha halikuweza kuingia kinyume. Katika kamera za bei nafuu hapakuwa hata na kupima umbali: unalenga, unabonyeza. Picha zilitoka mraba.

Wepesi huo ulipendwa sana. Kufikia mwaka wa 1970, zaidi ya kamera milioni 50 zilikuwa zimeuzwa. Watu waliozoea kumwita mpiga picha wakaanza kupiga wenyewe picha za harusi, watoto na safari.

Lakini kasha lililoleta raha ndilo lililoifunga kamera. Instamatic haikubali filamu nyingine. Kodak ilileta kasha dogo zaidi, 110, mwaka wa 1972, na wanunuzi wakahamia huko. Mwishoni mwa mwaka wa 1999 ikaacha kutengeneza filamu ya 126. Kampuni ya Ferrania ya Italia iliendelea kwa miaka michache, kisha nayo ikaacha.

Wapo wanaojaza makasha ya zamani kwa filamu ya kawaida ya milimita 35. Kazi hiyo hufanyika gizani, tena ina usumbufu: Instamatic hutafuta tundu moja kwa kila picha, na filamu ya kawaida ina matundu mengi.

Ukikuta kamera hiyo katika vitu vya wazazi, tafuta kwanza negativu. Hizo hazihitaji kasha wala kampuni: ziinue mbele ya mwanga, sura zitaonekana, na hata simu inaweza kuzinakili. Na picha zilizomo ndani ya simu yako, ni vema kuzichapisha chache kwenye karatasi.