Michezo ya Kuendeleza Maneno kwa Watoto Wadogo

Mzazi wa Timau apitaye karibu na shule asubuhi, akasikia watoto wa Gredi ya Kwanza wakipiga makofi na kukimbia, aweza kudhani kwamba mwalimu wao hayupo. Kumbe huenda ikawa hiyo ndiyo saa ya kujifunza kuendeleza maneno, yaani kuandika kila neno kwa herufi zake zipasazo, jambo ambalo siku hizi huitwa tahajia.

Kazi ya mtoto huyo ni kubwa kuliko wazazi wengi wadhanivyo. Nyumbani husema Kimeru, chenye irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu: ĩ na ũ. Sokoni husikia Kiswahili, chenye irabu tano tu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali anapokaa. Walakini Kiswahili na Kiingereza navyo humngojea darasani tangu mwanzo. Na Kiingereza husemwa hivi kikaandikwa vile: neno "knife", maana yake kisu, huanza kwa k isiyotamkwa kamwe. Mtoto akemewaye kwa kila kosa katika mambo hayo hunyamaza, na mtoto anyamazaye hajifunzi kuandika.

Mchezo wa kwanza hauhitaji kitu ila mikono. Mwalimu hutaja neno, na watoto hulipiga makofi silabi kwa silabi: ki-a-zi, makofi matatu. Neno "mtu" huwashinda wengi, kwa kuwa hupiga kofi moja, hali ni mawili: m-tu. Mtoto aliyekwisha kuisikia ile m ikisimama peke yake haisahau aandikapo.

Mchezo wa pili huwafaa hasa watoto wa pande za Mlima Kenya, ambao wengi wao huchanganya l na r. Uwanjani huchorwa mistari miwili, mmoja wa L na mmoja wa R. Mwalimu akisema "kalamu", watoto hukimbilia L. Akisema "karamu", hukimbilia R. Kadhalika kula na kura, mahali na mahari. Hapana budi mwalimu mwenyewe atamke vizuri, maana yeye naye huenda alilelewa huko huko. Asubuhi za baridi ya Timau mchezo huu una faida nyingine isiyohitaji kuelezwa.

Mchezo wa tatu hutumia viazi, navyo Timau havikosekani. Hutwaliwa vile vilivyokatwa na jembe wakati wa kuvuna, ili chakula kizuri kisiharibiwe. Mwalimu hukata kiazi katikati, huchonga herufi kubwa ikatokeza juu, kisha watoto huichovya katika masizi ya sufuria yaliyokorogwa kwa maji kidogo, na kuipiga chapa juu ya vipande vya maboksi. Herufi nyingi lazima zichongwe kinyume, kama zionekanavyo katika kioo, la sivyo chapa hutoka imegeuka. Lakini A, I, M, O, T na U ni sawa pande zote mbili, na hizo sita peke yake zatosha kuandika mama, moto, mti, mtoto, tamu na maua. Yafaa kuanza nazo. Kisu kishikwe na mwalimu tu.

Liko kosa moja lifanywalo mara nyingi katika michezo hii: mtoto akikosea, huambiwa atoke akae kando. Hivyo yule aliyejua tangu mwanzo huendelea kucheza mpaka mwisho, na yule aliyehitaji mazoezi huketi akitazama. Ni afadhali watoto wacheze wawili wawili, anayejua pamoja na asiyejua, na jibu liwe lao wote wawili.

Nyumbani, mzazi asiyejua kusoma naye aweza kusaidia. Ampe mtoto maharagwe machache ayapange mezani yawe herufi za jina lake, kisha majina ya ndugu zake, huku akiyatamka kwa sauti. Kazi ikiisha, maharagwe huoshwa yakarudi chunguni.