Msumeno Butu: Upigwe Tupa au Utupwe?

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huu tumeusikia barazani tangu utoto wetu. Lakini masika yaliyopita, mpenzi msomaji, nilijifunza kwamba iko sheria isiyoweza kutimizwa bila ya msumeno wenyewe, ule wa seremala.

Kisa ni roshani. Nyumba aliyotuachia bibi, Mola amrehemu, iko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ina roshani ya msaji iliyotobolewa maua, na mvua ilikuwa imeozesha ubao mmoja. Majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, na mwenye kutaka kugusa uso wa nyumba katika Mji wa Kale hutakiwa apate idhini kwanza, kisha alirudishe umbo la asili. Idhini niliipata, ubao wa msaji niliupata, nikampelekea fundi mmoja mzee ambaye karakana yake imo kichochoroni, chini ya nyumba.

Fundi huyo hutumia msumeno wa fremu aliorithi kwa babake: vijiti vitatu vya mti, kamba ya kukazia iliyosokotwa kwa juu, na ubapa mwembamba wa meno ulioshikwa kwa pini huku na huku. Alipofika katikati ya ua la tatu, ubapa ukakatika.

"Mwanangu," akaniambia, "ubao ninao, mkono ninao, meno sina. Nenda kanitafutie."

Katika duka la kwanza, karibu na Marikiti, nilipewa ubapa wa msumeno wa chuma, wa inchi 12. Urefu ulikuwa sawasawa na ule uliokatika, nami nikarudi nikijiona hodari. Mzee akautazama, akacheka. Ubapa wa namna ile una meno 18, 24 au 32 katika inchi moja. Ukiutia katika mti, vijimeno hujaa unga wa mbao, ukawa wasugua badala ya kukata. Tena ni mpana, hauwezi kuzunguka kona ya ua.

"Kwani Ami, si urefu ni ule ule?" nikauliza.

"Hata kaburi na kitanda urefu ni mmoja," akanijibu.

Hapo akanikalisha kitako, akanisomesha kama maalim anavyomsomesha mtoto wa chuo. Ubapa, alisema, hupimwa toka tundu hadi tundu, si toka ncha hadi ncha. Kisha hutazamwa meno. Meno ya msumeno wa kupasua, unaofuata nyuzi za mti, hukwangua kama patasi ndogo ndogo. Ya msumeno wa kukatia kinyume cha nyuzi yamenolewa pembeni kama visu. Ubao mwembamba wataka meno ya karibu karibu, angalau matatu yawe ndani ya mti kwa pamoja, ama sivyo hukwama na kuutatua ubao. Na meno hupindwa, moja kulia, moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko ubapa. Yasipopindwa, msumeno hunaswa na mti. Ama ule msemo wetu, alisema, ni kweli kwa msumeno mrefu wa magogo, ushikwao na watu wawili. Misumeno mingi ya mkono hukata upande mmoja tu: ya Kizungu ikisukumwa, ya Kijapani ikivutwa.

Nikaenda duka la pili. "Bledi peke yake hatuuzi, Mzee," kijana akaniambia. "Tunauza msumeno mzima." Akanionyesha mmoja mzuri, meno yake meusi ya kibuluu.

"Na ukiwa butu?" nikamuuliza.

"Tupa."

Nikafurahi. Nikamwambia basi anipe na tupa yenyewe, ile ya pembe tatu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "La, Mzee. Utupe. Ununue mwingine."

Sikumlaumu. Meno yale yamegomeshwa kwa moto, hudumu makali kwa muda mrefu, na fundi wa nyumba humfaa. Lakini tupa haiyaumi, huteleza tu. Na msaji una ndani yake madini mfano wa mchanga, ambayo hula makali ya chuma upesi. Anayechonga msaji kila siku ataweza kununua misumeno mingapi?

Mwisho fundi mwenyewe akakumbuka misumeno ya mkanda ya viwanda vya kupasulia mbao. Nikapata kipande kilichokatika, upana wake robo inchi, kwa bei ya chai. Mzee akakigusa kwa tupa, tupa ikauma. "Huyu ni wetu," akasema. Akakikata kwa urefu, akazitia ncha motoni hadi zikawa nyekundu, akaziacha zipoe polepole majivuni ili zilainike, akazitoboa kwa keke. Meno akayapiga tupa moja moja. Baada ya Alasiri ua la tatu lilikuwa limekamilika.

Siku hizi roshani imerudi mahali pake, na wapitao huisifu. Mimi nikiitazama namkumbuka mzee, ambaye hana mwanafunzi hata mmoja. Sheria yailinda roshani, na ni vyema. Lakini mwenye kujua kupiga tupa akifariki, sheria hiyo tutaitimiza kwa mkono wa nani?

Ewe ndugu yangu, kama una msumeno wa marehemu babako ulioshika kutu nyuma ya mlango, usiutupe. Upeleke kwa fundi, na ufuatane na kijana wako. Mwache akae pale atokapo chuoni, aishike tupa, akosee, akosolewe. Ubapa tutaupata, hata kama ni chakavu cha kiwandani. Mkono ndio hauuzwi dukani.